Moto Kichaa Karibu na Makazi: Maandalizi, Uamuzi wa Kuondoka na Siku Zinazofuata

Moto kichaa, yaani moto unaotembea porini au msituni bila mtu wa kuuongoza, si jambo la ghafla katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, kwa kuwa una msimu wake unaojulikana kama unavyojulikana msimu wa kupanda. Katika ukanda wa miombo, misitu ya wazi inayopukutisha majani wakati wa kiangazi na ambayo imeenea kutoka Tabora na Katavi hadi Ruvuma na Lindi, mvua hukatika kati ya Aprili na Mei, nyasi zikaanza kukauka kidogo kidogo, na ifikapo Septemba na Oktoba huwa zimekauka kabisa huku joto na upepo vikiongezeka. Moto mkubwa wa Mlima Kilimanjaro wa mwaka 2020 ulianza tarehe 11 Oktoba katika eneo la Whona, penye mapumziko ya wapanda mlima kati ya vituo vya Mandara na Horombo, ukaunguza takriban kilomita za mraba 95. Moto mwingine uliwaka karibu na kambi ya Karanga mwaka 2022, na mwezi ulikuwa uleule wa Oktoba. Kwa sababu hiyo, kaya inayoishi kando ya pori, msitu wa hifadhi au shamba la miti inaweza kujiandaa kwa kufuata kalenda, na kazi nyingi zinazookoa nyumba na maisha hufanyika kati ya Mei na Julai, wakati hakuna moshi wowote unaoonekana angani.

Chanzo cha moto huu mara nyingi ni mkono wa mwanadamu, kwani radi ya ukanda huu kwa kawaida huja pamoja na mvua inayozima kile ilichowasha. Mkulima huandaa shamba kwa kuchoma mabaki, mrina asali huwafukuza nyuki kwa mwenge, mchoma mkaa huacha tanuri bila mwangalizi, mfugaji hutafuta majani mabichi yanayochipua baada ya nyasi kuungua, na mwindaji huwasha moto ili wanyama watoke walikojificha. Taarifa ya awali ya mamlaka ya hifadhi kuhusu moto wa Whona ilieleza kuwa ulitokana na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Hakuna hata mmoja kati ya watu hao aliyekusudia kuunguza mlima au kijiji, na ndiyo maana ushauri wa kwanza kwa kaya yoyote unahusu moto wake yenyewe kabla ya moto wa jirani.

Mkulima anayeweza kuacha kuchoma na akayatumia mabaki ya mazao kama matandazo, yaani tabaka la majani makavu linalofunika udongo na kuhifadhi unyevu, atakuwa amepunguza hatari na kurutubisha shamba kwa wakati mmoja. Anayelazimika kuchoma anapaswa kwanza kupata kibali kwa uongozi wa kijiji au ofisa misitu, kwa kuwa Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 inadhibiti uchomaji wa uoto, kisha awaarifu majirani wanaopakana naye, alime au afyeke ukanda mtupu kuzunguka eneo lote, akusanye mabaki katika marundo madogo badala ya kuwasha shamba zima, na kuwa na watu wa kutosha wenye maji, majembe na matawi mabichi. Saa inayofaa ni asubuhi mapema au jioni upepo unapotulia, kamwe si mchana, kwa sababu kati ya saa sita na saa kumi hewa huwa kavu zaidi na upepo hubadilika bila taarifa. Kazi haijaisha miali inapozimika; imeisha pale ambapo mtu anaweza kuyapekua majivu na kusogeza nyuma ya kiganja chake karibu nayo bila kuhisi joto.

Lipo pia suala la uchomaji wa mapema, ambalo huwachanganya wengi kwa kuwa linaonekana kupingana na makatazo ya kuchoma. Uchomaji wa mapema ni utaratibu wa makusudi wa kuunguza nyasi za miombo mwanzoni mwa kiangazi, zingali na unyevu kiasi, ili moto uwe mdogo, uende polepole, uache miti ikiwa hai na kuondoa nyasi ambazo zingewaka kwa ukali miezi mitatu au minne baadaye. Vijiji vya Kilwa vinavyosimamia misitu yao ya mpingo vimewahi kuutumia utaratibu huo kwa msaada wa shirika la uhifadhi wa mpingo wilayani humo. Hata hivyo, kinachofaa miombo hakifai kila mahali. Msitu wa mlimani na shamba la miti ya kupandwa havistahimili moto hata ule mdogo, na uchomaji wa mapema unaofanywa na mtu mmoja bila kijiji kukubaliana tarehe, mipaka na wasimamizi ni moto kichaa uliopewa jina zuri.

Ili kuelewa namna ya kuilinda nyumba ni lazima kwanza kuelewa namna moto unavyosafiri. Moto huhitaji vitu vitatu, navyo ni joto, hewa ya oksijeni na vitu viunguavyo, na kwa kuwa hakuna awezaye kuondoa hewa ya pori zima wala kupoza jua, mwenye nyumba amebakiwa na kimoja tu anachoweza kukitawala, yaani vile viunguavyo vinavyomzunguka. Moto hupanda mlima kwa kasi kuliko unavyoshuka, kwa sababu miali hulalia mteremko na kukausha uoto ulio juu yake kabla ya kuufikia. Kanuni ya makadirio inayotumiwa na wazimamoto husema kwamba kasi huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 10 za mwinuko. Nyumba iliyojengwa juu ya mteremko wenye nyasi au vichaka upande wa chini iko hatarini zaidi kuliko ile iliyo bondeni, ijapokuwa kwa macho ya kawaida ile ya juu ndiyo inayoonekana kuwa mbali na moto.

Jambo linalosahaulika zaidi ni cheche. Watu wengi huufikiria moto wa porini kama ukuta wa miali unaokuja na kuimeza nyumba, lakini uchunguzi uliofanywa katika nchi zenye mioto mikubwa, hasa Marekani na Australia, umeonyesha kwamba nyumba nyingi huwashwa na cheche zinazorushwa na upepo mbele ya moto, wakati mwingine kwa umbali wa kilomita kadhaa, zikatua kwenye majani makavu yaliyojaa katika mfereji wa paa, kwenye rundo la kuni lililoegemezwa ukutani, au zikapenya kwenye mwanya ulio kati ya ukuta na paa. Nyumba inaweza kuungua saa kadhaa baada ya moto wenyewe kupita, kutokana na cheche moja iliyojificha mahali ambapo hakuna aliyepatazama. Jambo hili ni la kutia moyo kuliko linavyosikika, kwa sababu ukuta wa miali hauzuiliki kwa ndoo, ilhali cheche huzuilika kwa ufagio.

Kazi kuzunguka nyumba hupangwa kwa umbali. Mita moja na nusu ya kwanza kutoka ukutani isiwe na kitu chochote kinachoungua: kuni, magunia ya mkaa, majani ya ng'ombe, mabua, mikeka iliyoanikwa, wala ua wa miti mikavu uliogusana na nyumba; udongo mtupu uliofagiwa, ambao kwa bahati njema ni desturi ya nyua nyingi za vijijini, unatosha kabisa. Kutoka hapo hadi mita 10 nyasi zifyekwe ziwe fupi na matawi yanayoning'inia juu ya paa yakatwe. Kutoka mita 10 hadi 30 vichaka vipunguzwe ili kuwe na nafasi kati ya kimoja na kingine, na matawi ya chini ya miti yaondolewe ili moto wa nyasi usipate ngazi ya kupandia hadi kileleni. Penye mteremko, umbali huo uongezwe upande wa chini. Migomba inayomwagiliwa, kama ile ya vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, vya Wachaga, pamoja na mimea mingine yenye maji mengi, haiwaki kwa urahisi na inaweza kuachwa karibu zaidi, mradi majani yake makavu yaondolewe kwenye shina na chini yake.

Paa la bati lina faida kubwa, lakini faida hiyo hupotea ikiwa mwanya chini ya bati umeachwa wazi kama ilivyo katika nyumba nyingi. Mwanya huo unaweza kuzibwa kwa udongo au saruji, na pale unapohitajika kwa ajili ya hewa uwekewe wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 3, kwa kuwa chandarua au wavu wa plastiki huyeyuka. Kwa paa la nyasi au makuti hakuna njia ya kudanganyana: cheche moja inatosha, na pwani, ambako upepo wa kusi huvuma katika miezi ya kiangazi na nyumba zimesongamana, paa moja huwasha la pili kabla ya mtu kuvuta ndoo kisimani. Kaya yenye paa la namna hiyo ihakikishe kwamba jiko liko mbali, upande ambao upepo hauelekezi cheche kwenye makuti, iwe na ngazi imara na mapipa ya maji yaliyojaa msimu wote, na ikubali mapema kwamba moto wa porini ukikaribia, wajibu wake ni kuokoa watu na vyeti, si paa.

Wenye mashamba ya miti wanastahili maneno yao peke yao. Katika nyanda za juu za kusini, hasa Mufindi na Njombe, kaya nyingi zimepanda misindano, ambayo vitabu huiita misonobari, na milingoti, zikiihesabu kuwa akiba ya ada za shule na ya uzeeni, na moto mmoja wa alasiri ya Oktoba unaweza kufuta akiba ya miaka 10 au 15 bila kuacha hata nguzo ya kuuza. Msindano una utomvu unaowaka vikali, na majani yake membamba yakianguka huunda zulia kavu linalopitisha moto kwa siku nyingi. Mwenye shamba anapaswa kupogoa matawi ya chini na kuyatoa shambani badala ya kuyalundika kati ya mistari, na kulima barabara ya moto, yaani ukanda mtupu unaozunguka shamba, kila mwaka kabla ya kiangazi kukolea. Ukanda uliolimwa mwaka juzi na kuota nyasi si barabara ya moto tena. Kwa kuwa mashamba madogo hupakana bila nafasi, ni busara wenye mashamba watano au kumi wakubaliane kulima ukanda mmoja mpana kuzunguka mashamba yao yote kuliko kila mmoja kulima mwembamba usiozuia kitu. Hapo ndipo mahusiano mabaya ya mipaka yanapogeuka hasara ya fedha.

Siku moshi unapoonekana, suala kuu ni muda. Nchini Ureno, katika moto wa Pedrógão Grande wa Juni 2017, watu 66 walifariki, na 47 kati yao walikuwa kwenye barabara moja wakijaribu kukimbia, ndani ya magari au karibu nayo. Nchini Australia, moto wa tarehe 7 Februari 2009 katika jimbo la Victoria uliua watu 173, wengi wao wakiwa majumbani mwao, na baada ya hapo mamlaka za huko zilisisitiza kwa nguvu zaidi kwamba siku ya hatari kubwa njia salama ni kuondoka mapema. Funzo linalojitokeza katika matukio hayo mawili ni kwamba kuondoka mapema ni salama, kubaki kunaweza kuwa salama kwa nadra panapokuwa na maandalizi makubwa, lakini kuondoka kwa kuchelewa, moshi ukiwa umeshafunika njia, ni kubaya kuliko yote. Kwa hiyo kaya iamue kabla ya msimu ni alama gani itakayoiondoa, kwa mfano moto kuonekana upande fulani wa mto au kuvuka kilima fulani, ili siku hiyo pasiwe na majadiliano. Wazee, wajawazito, wagonjwa na watoto wadogo waondoke kabla ya alama hiyo kufikiwa, kwa kuwa mwendo wa kaya nzima ni mwendo wa yule asiyeweza kukimbia.

Kila kaya ijue njia mbili za kutokea, maana ile inayozoeleka huenda ndiyo inayopita msituni, na mfuko uwe umefungwa tangu Julai: vitambulisho vya Taifa, vyeti vya kuzaliwa, hati za ardhi au za shamba, kadi za kliniki na za bima, dawa za wiki moja, tochi, maji na chaji ya simu. Nguo ziwe za pamba au sufu, zenye mikono mirefu, na viatu viwe vya ngozi. Nailoni na ndala za plastiki huyeyuka na kugandamana na ngozi. Mifugo ipelekwe mapema kwenye ardhi tupu, kama vile malisho yaliyokwisha kuliwa au mto mpana uliokauka, na kama hakuna muda, kamba zikatwe na milango ya zizi ifunguliwe, kwa sababu mnyama aliye huru ana nafasi ya kujiokoa ambayo mnyama aliyefungwa hana. Taarifa itolewe kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambalo namba yake ya dharura nchini Tanzania ni 114, ingawa kijiji kilicho mbali na mji kisipange mambo yake kwa kutegemea gari litakalochukua saa kadhaa kufika. Vijiji vyenye intaneti vinaweza pia kumteua kijana mmoja afuatilie ramani za mioto za FIRMS, mfumo wa shirika la anga la Marekani, NASA, unaoonyesha bila malipo, saa chache tu baada ya setilaiti kupita, mahali palipogunduliwa joto la moto.

Mtu aliyezingirwa akiwa njiani au shambani hapaswi kukimbia kupanda mlima mbele ya moto. Mahali salama zaidi huwa ni pale palipokwisha kuungua, kwa kuwa hapana tena cha kuungua, kisha shamba lililolimwa, machimbo ya kifusi au mchanga wa mto. Kadirio la wazimamoto ni kukaa umbali usiopungua mara nne ya urefu wa miali, kwa maana joto linalosafiri hewani huua kabla ya mwali kugusa mwili. Asiyeweza kufika popote alale kifudifudi mahali palipo patupu zaidi, ajifunike blanketi la sufu au nguo nzito ya pamba, na kuuelekeza mdomo ardhini kwenye hewa isiyo na moshi mwingi, mpaka sehemu kali ipite.

Kuhusu kuuzima moto wenyewe, ujasiri wa wanakijiji ni jambo la kusifiwa lakini umesifiwa mno. Moto wenye miali mirefu kuliko mtu hauzimwi kwa matawi, na anayejitupa mbele yake anawaongezea wenzake kazi ya kumwokoa. Moto mdogo wa nyasi hushambuliwa kuanzia mkiani, yaani upande ulikotokea, kikundi kikitembea ubavuni mwake juu ya ardhi iliyoungua na kupiga kingo zake kuelekea kichwani, huku mtu mmoja akiwa hapigi chochote bali anatazama upepo na njia ya kurudi. Moto wa kukabili, unaowashwa makusudi ili ukutane na ule unaokuja, uachwe kwa askari wa misitu na wazimamoto waliofundishwa. Katika vichaka vya milimani, ambako mizizi na mboji huungua chini ya ardhi, kuzima miali pekee hakutoshi. Lazima kuchimbwe mfereji hadi udongo usio na mizizi, la sivyo moto utaibuka upande wa pili baada ya siku kadhaa.

Moshi huwafikia hata wale ambao moto hautawafikia kamwe. Chembe zake zinazodhuru zaidi zina kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, ndogo kiasi cha kupita kwenye khanga au kitambaa chenye maji kana kwamba hakipo. Kitambaa hicho hupunguza ukavu wa koo lakini hakichuji chembe hizo, wakati barakoa ya aina ya N95 iliyokaa vizuri usoni huchuja sehemu kubwa. Mwenye pumu awe na dawa yake mkononi, kaya ikae katika chumba kimoja kilichozibwa nyufa, na jiko la mkaa lisiingizwe ndani. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, avuliwe pete na bangili kabla ya kuvimba, afunikwe kwa kitambaa safi na kupelekwa kituo cha afya. Dawa ya meno, mafuta, mayai na asali ya nyumbani visipakwe, kwani hushika joto na uchafu na kumpa mganga kazi ya kuvibandua.

Baada ya moto kupita, paa, kenchi na rundo la kuni vikaguliwe kwa saa kadhaa, usiku ukiwamo, kwa kuwa gizani ndipo kaa linapoonekana vizuri. Miti iliyosimama huku shina limeliwa na moto huanguka bila upepo, na mizizi iliyoungua huacha mashimo yenye makaa chini ya majivu, ambayo yamewahi kuunguza miguu ya watu waliodhani ardhi imepoa. Mwenye hasara apige picha na kuandikisha mali kwa mtendaji wa kijiji kabla ya kusafisha. Mfereji unaopeleka maji ya mvua kwenye tangi uondolewe mpaka mvua mbili au tatu zioshe majivu kwenye bati. Mifugo izuiwe kula machipukizi ya kwanza hadi nyasi zijijenge, na nyumba zilizo chini ya mteremko ulioungua zichimbiwe mitaro kabla ya vuli, maana udongo uliopoteza uoto hauyazuii maji. Kwenye Kilimanjaro madhara huendelea kwa miaka mingi: misitu ya juu hunasa ukungu na kuugeuza matone yanayoingia ardhini, na mtaalamu wa ikolojia Andreas Hemp, aliyeutafiti mlima huo kwa miongo kadhaa, ameonyesha kuwa upotevu wa misitu hiyo kwa moto unaathiri maji ya mlima kuliko kuyeyuka kwa barafu kunakozungumzwa zaidi, kwa hiyo mkulima wa ndizi aliye chini, ambaye hakuuona hata mwali mmoja, ana sababu ya kuuliza kwenye kikao cha mfereji wa umwagiliaji ni nini kiliungua huko juu.